U mzima kweli?

Ami yangu aliitoa zumari mdomoni katikati ya pumzi.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, simu mkononi, narekodi. Ilikuwa harusini, Lamu, jioni, mtaa wa Langoni. Kirumbizi ilikuwa imepamba moto: vijana na bakora zao, ngoma zinajibizana, vumbi linapanda mpaka magotini, na juu ya yote ile sauti ya zumari inayokata hewa kama kisu kinavyokata kitambaa kipya. Pembeni, mafundi wa spika walikuwa wanafunga vyombo vya usiku. Mmoja akabonyeza kitu. Ukatoka mngurumo, kisha "jaribu, jaribu, moja mbili," kisha wimbo mzima.

Ngoma ziliendelea kidogo kisha zikafifia. Vijana wakacheka, wakateremsha bakora, wakageukia spika.

Ami aliishusha zumari taratibu. Akakifuta kile kijani kinachotetema mdomoni kwa ncha ya kikoi chake. Akaitia zumari ndani ya mfuko wake wa kitambaa, akafunga fundo, akaingia kichochoroni.

Hakuna aliyemwita.

Hata mimi sikumwita. Nilijiambia nitampitia asubuhi. Asubuhi nikawahi boti ya Mokowe, nikapanda basi la Mombasa, na mchana nilikuwa kazini kwangu kama kwamba hakuna kilichotokea.

Wiki saba zimepita. Kwa wiki hizo saba nimekuwa nikiitazama filamu moja ya Kitamil, nikirudia na kurudia, na sikuwa najua kwamba sababu yake ni kichochoro kile.

Sekunde arobaini na nane

Ile video yangu ina sekunde 48. Nilimpelekea rafiki yangu Mtamil tuliyefanya naye kazi Maskati kwa miaka minne. Yeye ni mtu wa pwani kama mimi, pwani ya upande wa pili wa bahari, na daima tulikuwa tukilinganisha: samaki wenu, samaki wetu, nazi zenu, nazi zetu. Nilidhani atacheka kwamba hata sisi tuna "ile kelele ya harusi" aliyokuwa akinisimulia.

Hakucheka. Aliuliza: "Kwa nini mzee ameacha?"

Nikamweleza habari ya spika. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniletea kiungo cha filamu, na maneno machache: tazama mwanzo wake, utamwona mjomba wako.

Filamu yenyewe ni Thillana Mohanambal, iliyotoka tarehe 27 Julai 1968, ikaongozwa na A. P. Nagarajan. Nilitazama mwanzo wake usiku ule, nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado mguuni. Kuna sherehe ya hekalu la Azhagar Kovil, karibu na Madurai. Mpiga nadaswaramu, jina lake Sikkal Shanmugasundaram, amekaa na kundi lake, watu wamejaa, muziki umeshika. Mara fataki zinaanza kulipuka. Mtu ananyamaza. Anaishusha nadaswaramu yake, anakasirika mbele ya wote, anakataa kuendelea.

Nilisimamisha filamu pale pale.

Yule aliteta. Ami hakuteta. Lakini namna mkono ulivyoshuka ilikuwa moja.

Mbao za nyumba kuukuu

Kwa anayeijua zumari, nadaswaramu haihitaji maelezo mengi. Ni ndugu yake mkubwa. Ni ndefu zaidi, inapita urefu wa mkono wa mtu mzima, na domo lake la chini ni pana kama la baragumu. Kule mdomoni kuna kijani kama chetu, isipokuwa chao hukatwa kutoka matete yanayoota kando ya mto Kaveri. Ukiangalia vizuri utaona vijani vya akiba vikining'inia kwenye uzi shingoni mwa chombo, pamoja na kisindano cha kusafishia. Mafundi wa kijiji cha Narasingampettai huichonga kwa mti wanaouita aacha, na wanapendelea mbao iliyokaa miaka mingi, inayotolewa kwenye nyumba zinazobomolewa.

Hilo la mbao lilinigusa. Lamu nzima imeshikiliwa na boriti kuukuu. Sikuwahi kufikiri kwamba boriti inaweza kustaafu ikawa sauti.

Tena kuna tavili, ngoma inayokwenda nayo: upande mmoja fimbo, upande mwingine vidole vilivyovikwa vifuniko vigumu kama tondoo za fundi cherehani. Zikipigwa pamoja hazifai kusikilizwa chumbani. Ni vyombo vya uwanjani, vya msafara, vya kumtembeza mungu wa hekalu mjini na kutangaza kwamba sasa bibi harusi anavishwa kidani cha ndoa. Kwa Watamil, nadaswaramu ni sauti ya heri. Ndoa isiyo nayo ina pengo.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na filamu za Kihindi. Mombasa ilimpata Juma Bhalo, aliyezitia tuni za Kihindi maneno ya Kiswahili mpaka bibi zetu wakazidai kuwa zao. Lakini hizo zilitoka Bombay. Kusini mwa India, kwenye lugha ya Kitamil, hatukufika. Nilizaliwa mita mia mbili kutoka baharini na sikuwahi kusikia kwamba ng'ambo ya pili kuna watu wanaolia kwa zumari.

Pumzi ya nani?

Siku ya pili niliitazama yote, karibu saa tatu.

Shanmugasundaram anaigizwa na Sivaji Ganesan, mwigizaji mkubwa kuliko wote wa Kitamil wa zama zake, yule aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu za Afrika na Asia mjini Cairo mwaka 1960. Mashavu yake yanajaa, yanatoka. Mishipa ya shingo inasimama. Vidole vinaruka juu ya matundu kama vya mtu aliyezaliwa navyo. Niliapa kwamba anapiga mwenyewe.

Hapigi. Sauti ni ya ndugu wawili wa Madurai, M. P. N. Sethuraman na M. P. N. Ponnusamy, waliozoea kupiga nadaswaramu mbili kwa pamoja, pumzi juu ya pumzi. Ndiyo maana hata ndani ya filamu Shanmugam hapigi peke yake: kando yake yuko nduguye, Thangaratnam. Muziki wote ulisimamiwa na K. V. Mahadevan, maneno ya nyimbo yakaandikwa na Kannadasan. Na kuna kipande cha mwanzoni cha Nagumomu, utungo wa Tyagaraja, yule mtakatifu wa muziki aliyezaliwa Tiruvarur mwaka 1767, ambacho nimekisikiliza mara nyingi kiasi kwamba jirani yangu ameanza kukipigia mluzi ngazini.

Nilipogundua hivyo nilihisi nimedanganywa. Kwa siku kadhaa hili lilinikaa vibaya. Filamu inayolilia heshima ya mpiga nadaswaramu, na anayeonekana ni mwigizaji, na wanaopuliza hawaonekani!

Kisha nikakumbuka ile video ya sekunde 48. Sivaji aliwasoma wale ndugu: pumzi inaingilia wapi, shingo inajikaza lini, kidole kipi kinachelewa. Alitazama kwa kazi, na akakumbuka. Mimi nilikuwa na ami yangu hatua nne mbele yangu, damu yangu, na nilichotazama ni kioo cha simu. Ukiniuliza leo mashavu yake hukaaje anapovuta pumzi kwa pua huku zumari haikatiki, siwezi kukuambia.

Nguzo

Shanmugam anapiga marufuku. Kundi lake lisiende kutazama ngoma ya Mohanambal, mchezaji kutoka Tiruvarur anayesifiwa na kila mtu. Halafu usiku anakwenda mwenyewe, kisiri, anajificha nyuma ya nguzo.

Mohana anamwona. Hasimami, haiti mtu. Anaimba, kwa sauti ya P. Susheela, akiuliza kuna siri gani katika kutazama kwa kujificha. Wimbo uko kama dua kwa mungu Murugan, na mojawapo ya majina ya Murugan ni Shanmuga, mwenye nyuso sita. Kwa hiyo anamwita mungu, na anamwita mtu aliye nyuma ya nguzo, kwa jina moja, mbele ya halaiki, na hakuna anayeweza kumshika kwa neno. Padmini, anayemwigiza Mohana, anacheza hivi: mkono unaomba, jicho linachokoza, nyusi moja inapanda nusu tu.

Watu wa taarabu hili tunalijua. Fumbo linarushwa ukumbini, mia wanaitikia, mmoja anachomeka.

Mama yake Mohana

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi, na nataka kupaeleza vizuri kwa sababu nilikosea.

Mohana ana mama, Vadivambal. Kazi yake kubwa katika filamu ni kuuza. Anataka binti yake apate mlezi tajiri: leo tajiri mwenye mashamba, kesho maharaja wa Madhanpur. Katikati anapita Vaithi, dalali mwenye maneno matamu, anayeigizwa na Nagesh kwa ustadi wa kutia hasira. Mara mbili za kwanza nilimchukia yule mama kwa moyo wote. Nilimwandikia rafiki yangu: mwanamke gani huyu?

Akanijibu kwa swali. Je, najua mama huyo alitoka wapi?

Sikujua. Filamu haielezi, kwa kuwa kila Mtamil anajua. Hadithi yenyewe ilitoka kama riwaya ya mfululizo ya Kothamangalam Subbu katika jarida la Ananda Vikatan, miaka ya 1950, na walioisoma wakati huo walikuwa wamewaona wanawake hao kwa macho. Familia za wachezaji wa mahekalu zilikuwa na mila ya kumtoa binti kwa mungu: anafungishwa ndoa na mungu wa hekalu, anaitwa devadasi, na kwa kuwa mume wake hafi, haitwi mjane kamwe. Alifundishwa kusoma, kuimba, kucheza. Aliweza kurithi. Lakini riziki yake ilipitia kwa wanaume wenye ardhi na majumba, na mlango wa heshima ya ndoa ulikuwa umefungwa kwake.

Wapiga nadaswaramu walitoka humo humo. Jamii moja, Isai Vellalar, maana yake wakulima wa muziki. Kaka anapuliza, dada anacheza. Kaka anaitwa arusini kuleta heri, dada anasengenywa.

Kisha zikaja nyakati za kufuta. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake mzazi alitoka kwenye familia za namna hiyo, alilianzisha pambano hilo katika baraza la kutunga sheria la Madras, na hatimaye, mwaka 1947, sheria ikapiga marufuku kuwatoa mabinti kwa mahekalu. Alikuwa na haki. Nimesoma habari zake na siwezi kumlaumu. Lakini katika miaka hiyo hiyo ile ngoma yenyewe, iliyoitwa sadiri, ilipewa jina jipya la bharatanatyamu, ikahamia kwenye kumbi na shule za watu wa tabaka la juu. Rukmini Devi Arundale alifungua Kalakshetra, shule ya ngoma hiyo, mwaka 1936. Mabinti wa Kibrahmini wakaanza kuicheza kwa fahari. Wanawake walioibeba kwa vizazi wakaambiwa waiache, na wengi waliiacha kwa aibu. Wachache mno, kama Balasaraswati, walisimama jukwaani mpaka mwisho bila kumwomba mtu radhi.

Baada ya kusoma hayo nikamrudia Vadivambal. Nikamtazama mikono yake, namna anavyomshika binti. Huyo ni mama anayejua bei ya kila kitu kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kupangiwa bei. Anaona bintiye amempenda mpuliza zumari mwenye hasira na asiye na shamba, na anaogopa. Njia anayoijua ni moja. Ni mbaya, na ndiyo pekee aliyoonyeshwa.

Bado ninabishana na filamu kuhusu mwisho wake. Shanmugam na Mohana wanaoana, nadaswaramu inalia, watu wanafurahi. Ngoma je? Njuga za Mohana zinawekwa wapi asubuhi ya pili? Jina la filamu ni lake: Mohanambal wa tilana, kile kipande cha kumalizia ngoma ambacho maneno yake si maneno, ni silabi za mdundo tupu, miguu inazungumza. Alilipata jina hilo mbele ya watu kwa jasho lake. Nataka kumwona akilitumia baada ya ndoa. Filamu inafunga pazia.

Neno moja

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha usingizi.

Wawili hao wameahidiana kushindana hadharani: nadaswaramu dhidi ya ngoma. Tilana inapanda, inapanda, mpaka hujui nani anamfukuza nani. Yeye, yule mwenye kiburi, ndiye anayekubali mbele ya umati kwamba huyu mwanamke ni bingwa. Na hapo hapo Shanmugam anajeruhiwa kwa kisu chenye sumu, kwa wivu wa mtu.

Anapelekwa hospitali. Anatibiwa. Mohana anazuiwa na mambo ya nyumbani kwao asiwe naye. Na wanapokutana tena, wanakutana mbele ya watu: yeye kushika nadaswaramu, Mohana kucheza. Hawawezi kusemezana neno.

Basi Mohana anamuuliza kwa wimbo. Nalanthana?

Nilimwomba rafiki yangu anitafsirie neno hilo, nikidhani ni jambo kubwa la kimapenzi. Akasema ni salamu tu. Nalam ni uzima, afya, kuwa salama. Kile kipande cha pili ni mkazo pamoja na swali. Tukahangaika kwenye simu, yeye kwa Kiingereza chake, mimi kwa changu, mpaka nikapata: U mzima kweli?

Hilo "kweli" ndilo lililonimaliza.

Kwa sababu salamu tunazo. Nani katika dunia anatushinda sisi kwa salamu? Hujambo: huna jambo? Tunaulizana kwa siku mara hamsini kama kuna jambo, na mara hamsini tunajibu hakuna. Sijambo. Mtu ana homa, sijambo. Amefiwa, sijambo. Mgonjwa akianza kuinuka kitandani tunasema "hajambo kidogo," na katika hicho kidogo tunaficha usiku mzima wa kukesha. Nimesalimiwa na kusalimu maisha yangu yote, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilitia "kweli" na kungoja jibu.

Mohana anangoja. Anauliza mwili u mzima, na moyo je? Anasema huenda ni jicho la hasidi lililompata, akafanya donda. Mikono yake inagusa bega lake mwenyewe anapotaja donda la mwenzake. Na kila anapouliza, nadaswaramu inajibu. Haina maneno. Inapanda kidogo, inatetereka, inashuka. Umati unaona mchezo mzuri. Mzee wa tavili, anayeigizwa na T. S. Balaiah, ndiye anayeona ukweli, na uso wake ulioiva kwa miaka unalegea pole pole.

Nimeitazama sehemu hiyo nikipika, nikisubiri matatu, nikiwa nimelala. Kila mara nafikia pale anapojibu, naona kichochoro cha Langoni.

Na jambo moja zaidi linaniuma kuhusu Shanmugam. Alipoulizwa hivyo, kwa upole huo, mbele ya dunia, ungedhani amejifunza. Hakujifunza. Mbele ya safari, kwenye jumba la Madhanpur, anamshuku Mohana kwamba amemfuata maharaja, na hamuulizi hata neno moja. Anaamini alichokiona kwa mbali. Aliyetibiwa kwa swali anakataa kuuliza.

Nilimkasirikia. Kisha nikajiuliza mimi nimeuliza nini. Nilimwona mtu akifunga zumari yake, nikajitungia maelezo yote: spika zimemdharau, vijana wamemsaliti, sanaa imekufa. Nimebeba hadithi hiyo wiki saba, nimeisimulia kazini, nimeisimulia mpaka Maskati. Mwenye zumari sikumuuliza.

Barazani

Ijumaa jioni nilipanda basi. Jumamosi baada ya alasiri nilikuwa kwenye baraza lake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

Na mimi, kwa ulimi wa mazoea: "Sijambo."

Akaniambia nikae. Kahawa ikaja, na kipande cha kashata. Akauliza habari za kila mtu mmoja mmoja, mpaka wale ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewasahau. Nikajibu njema, njema, njema. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Ami, u mzima kweli?"

Alinitazama. Kwanza nilidhani amekasirika. Akaangalia barabara, punda wawili wakapita na mchanga, akasubiri wapite.

"Meno," akasema.

Akafungua mdomo akanionyesha. Mawili ya mbele, juu, yameondoka tangu kabla ya mfungo. Pumzi inavuja. Kile kijani hakishiki vizuri tena. Inabidi akikaze kwa ufizi, na ikifika robo saa midomo inakufa ganzi, sauti inaanza kupasuka. Siku ile ya harusi ilikuwa imekwisha kuanza kupasuka. Alikuwa anamwomba Mungu ampe njia ya kutoka bila wale vijana kujua.

"Nikasikia spika," akasema, "nikasema alhamdulillahi."

Sikujua niseme nini. Wiki saba!

"Na kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekutajia bei ya samaki.

Nikatoa simu. Nilikuwa nimepanga kumweleza mengi, kuhusu Tiruvarur na ile sheria ya 1947, nikayaacha yote nikamwekea tu. Aliishika simu mbali, kwa mikono miwili, kama watu wa rika lake wanavyoshika. Alitazama fataki zikilipuka na yule mtu akinyamaza, akaguna. Nikamsogezea mbele mpaka kwenye tilana. Hakumtazama Padmini hata kidogo. Alitazama vidole.

"Huyu hapigi yeye," akasema baada ya muda.

"Umejuaje?"

"Tumbo. Vidole vimesoma, mashavu yamesoma. Tumbo halijui." Akaendelea kutazama. "Lakini amemheshimu aliyepiga. Ona, hawahi pumzi. Anaingoja."

Akarudisha nyuma mwenyewe, kwa kidole cha shahada, akaitazama tena. Na tena. Ilipofika Nalanthana nikamwambia maana yake. Hakusema kitu. Nadaswaramu ilipojibu aliinamisha kichwa, sikio moja juu ya simu, na nikaona midomo yake ikijikunja ndani, juu ya pengo, ikitafuta mahali pa kushika.

"Kuna daktari wa meno Mombasa," nikasema. "Unaweza kukaa kwangu."

"Tutaona."

Akaingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na ule mfuko wa kitambaa, akafungua fundo, akatoa vijani vitatu vilivyofungwa pamoja kwa uzi, akavishika mmoja mmoja kwenye mwanga wa jua la kuchwa. Akachagua kimoja, kifupi kuliko vingine. Nikaitengeneza simu nianze kurekodi, kisha nikaizima nikaiweka chini ya goti.

Akakitumbukiza kile kijani ndani ya kikombe cha maji.

"Ngoja kwanza kilowe," akasema.

Tukakaa, tukingoja.